Malalamiko Dhidi ya Tabibu wa Goti Anayeingia Nyumbani kwa Simu

Mulga Bore, Queensland

Kwa Mkuu wa Tiba ya Viungo,

Natumaini hujambo, na magoti yako hayajambo. Mimi ni Keith Tunstall, mfugaji wa ng'ombe mwenye goti la kulia lililosagika. Kwa heshima zote, namshtaki kwako tabibu wako, Tegan. Naomba simu zake za video zikomeshwe, tubaki na kuonana kliniki tu.

1. Kliniki tulielewana. Aliniuliza goti likoje, nikajibu, "Si mbaya." Huku kwetu mwanamume hujibu hivyo hata akiwa amekaliwa na fahali. Tegan akanipa mazoezi mepesi, nikaenda zangu kunywa chai.

2. Ikaja video ya kila Alhamisi. Mshika simu ni mke wangu Merle, ambaye siri haimkai. Tegan akaniomba nishuke ngazi za baraza. Nyumba yetu imeinuliwa juu ya nguzo, na ngazi hizo mimi huzishuka kinyumenyume, kama mtu anayetoka juu ya tangi la maji. Akauliza nimeanza lini kushuka hivyo. Nikasema leo. Merle akadakia, "Tangu Pasaka, mwanangu. Na akifika chini hutukana."

3. Sasa nafanyishwa mazoezi kwenye ngazi zangu mwenyewe, asubuhi na jioni, Merle akinisimamia. Kliniki nako nimeharibikiwa. Nikisema si mbaya, Tegan ananiuliza, "Si mbaya ya hapa, au ya nyumbani?"

4. Merle ameapa kwamba ngazi zikinishinda hadi Krismasi, tunauza shamba na kuhamia pwani kwa binti yetu, kwenye nyumba isiyo na ngazi wala ng'ombe. Mimi nimezaliwa humu. Naogopa, nasema wazi. Mtu mwenye hofu kama hii hafai kuchunguzwa. Aachwe adanganye kwa amani.

Ikiwa video ni lazima, basi zimwonyeshe mbwa wangu, ambaye magoti yake yote ni mazima.

Nisalimie wote hapo, hasa yule mama wa mapokezi mwenye biskuti.

Wako, ninayeinama kwa shida,
Keith Tunstall

N.B. Nimefungua tena bahasha hapa langoni, kwenye sanduku la barua. Nimekuja mwenyewe. Nimeshuka ngazi zote uso mbele, na nimeligundua hilo nilipofika chini tu. Merle alikuwa barazani. Amesema, "Si mbaya," kisha akaingia ndani haraka akijifuta macho. Mwambie Tegan Alhamisi asichelewe kupiga.