Chambo Kisicho na Kiputo

Jumatatu, 14 Julai
Rezini imefika kutoka Morogoro. Chupa mbili, moja rezini, moja hadina ya kuigandisha. Zikichanganywa zinaganda kama kioo. Kalibu ya kumiminia chambo ninayo: silikoni ya mafundi madirisha, umbo la samaki mrefu kama kidole.

Naandika nia yangu nisije nikaigeuza. Jumamosi tarehe 26 ni misa ya mwaka mmoja ya Aneth, mke wangu. Mezani kutakuwa na samaki niliyemvua mimi. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa sikuvua hata mmoja. Nikirudi kutoka mto Mkondoa, Aneth alinipokea mlango wa nyuma, akatia kwenye ndoo yangu samaki aliyemnunua kwa Costancia wa sokoni, ndipo tukapita mbele ya majirani. Hakuwahi kunicheka. Sikuwahi kumshukuru.

Ndani ya chambo nitaweka utepe wa kitenge chake cha njano. Alikipenda.

Jumatano, 16 Julai
Chambo cha kwanza kimetoka. Viputo vitupu, kama soda iliyoganda. Nilikoroga kwa nguvu, maana karatasi inasema changanya vizuri. Aneth alikoroga uji polepole, akisema ukiukimbiza unajaa hewa. Lakini uji ni uji.

Shemeji Wenceslaus, kaka yake Aneth, alipita. Huyu huvua kambale kwa minyoo kila wiki, na huwapitisha barabarani wakining'inia. Alikigeuza chambo mwangani, akauliza samaki huyu ana surua au tetekuwanga. Akasema siku ya misa nisihangaike, ataleta kambale wawili. Nikamwambia aniachie nafasi ya sahani moja mezani. Akasema sawa shemeji, ya chumvi.

Ijumaa, 18 Julai
Nimepata dawa ya viputo. Treni!

Nyumba iko hatua arobaini kutoka relini. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vinatembea kabatini. Aneth alivishika kwa mikono miwili bila kukatiza maneno yake. Kitu kikitikisika hutoa hewa. Basi, nimimine, treni ipite, viputo vipande juu vitoke. Ile ya umeme haifai, inapita kama mtu aliyevua viatu.

Nilichanganya saa nne kasoro. Nikakaa na kikombe, nimimine nikisikia honi. Saa nne. Saa nne na nusu. Rezini ikaanza kuganda humo humo, kikombe kikapata moto. Kikatoa moshi. Kikapasuka. Treni ilipita saa saba, nikikwangua meza.

Jumapili, 20 Julai
Nimerekebisha mpango. Sasa sichanganyi mpaka honi ilie stesheni. Ililia. Nikakoroga mbio, nikamimina, treni ikapita. Kalibu ikatembea yenyewe mpaka ukingo wa meza, ikaanguka. Chambo kimepinda na viputo vimeongezeka. Kitenge kimebaki robo.

Jirani yangu Yusrah, fundi cherehani, aliniona nakata tena. Akaomba akishike. Yeye ndiye aliyemshonea Aneth gauni la kitenge hicho. Alikipapasa kwa kidole gumba. Kisha akasema hewa inatoka kwenye kitambaa chenyewe, nyuzi zimejaa hewa. Nikipake rezini kwanza, kikauke, ndipo nimimine. Nikoroge taratibu. Na treni niiache iende zake.

Nilimshukuru kwa adabu. Cherehani ni cherehani.

Jumanne, 22 Julai
Utepe niliupaka rezini mapema, ili tu Yusrah asijisikie vibaya. Jana nilikoroga polepole, kwa kuwa mkono uliniuma. Nikamimina kama uzi. Treni ikapita.

Leo nimefungua. Hakuna kiputo hata kimoja. Njano ya Aneth imekaa ndani kana kwamba imetoka kufuliwa.

Nilimweleza Yusrah kwamba siri ni treni. Akasema hongera, kaka Ditram, akarudi kwenye cherehani yake.

Ijumaa, 25 Julai
Mkondoa tangu asubuhi. Nilirusha chambo safi. Kikazama kama jiwe, kikanasa kwenye mizizi, mshipi ukakatika.

Nilikaa nikiyatazama maji. Utepe ulikuwa humo.

Mfukoni nilikuwa na kile cha tetekuwanga. Nikakifunga, maana sikuwa na kingine na misa ni kesho. Hakikuzama. Kikawa kinayumba juu juu kama samaki aliyejeruhiwa. Mara ya tatu nikivuta, nikavutwa mimi. Kambale, mrefu kutoka kiganja mpaka kiwiko!

Nilirudi kwa mlango wa nyuma. Mazoea. Nikasimama na ndoo. Hakukuwa na mtu. Nikazunguka, nikapita mbele.

Jumamosi, 26 Julai
Misa ilikwenda vizuri. Kambale wangu alikaa mezani kati ya wawili wa Wenceslaus. Shemeji alionja, akatangaza kwamba wiki hii Costancia amepata samaki wazuri. Meza nzima ikacheka, kwa upole, kama wanavyochekewa wafiwa.

Nikasema nimemvua mwenyewe. Wenceslaus akanigusa bega, akasema: Hata marehemu dada alikuwa akituambia hivyo hivyo, shemeji.

Kumbe wote walijua. Miaka yote.

Costancia mwenyewe alikuwapo. Akaapa hajaniuzia samaki wiki hii. Wakacheka zaidi, wakamsifu kwa kutunza siri.

Sahani yangu iliisha kwanza. Hilo hakulitaja mtu.

Jumapili, 27 Julai
Nimefikiri tangu alfajiri. Kosa liko wazi: ni vile viputo. Nani atamwamini mtu mwenye chambo cha tetekuwanga? Yule kambale hakuona vizuri, ndiyo maana alikila. Kile safi kilizama kwa sababu treni ya Jumatatu ilikuwa na mabehewa mengi, ikakamua hewa kupita kiasi. Tangu leo nayahesabu. Kumi na manane yatatosha.

Kitenge kimebaki upana wa vidole viwili. Yusrah amekipinda ukingo kisichanike, akaniomba nisikikate tena. Nimemwahidi. Nitakata pembeni tu.

Rezini imebaki kidogo chupani. Na honi hiyo inalia stesheni.