Gamosa Mbichi

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu alfajiri. Fundi amefika kiwandani kutoka mjini Guwahati. Binti, jina lake Nirmali, miwani mikubwa kuliko uso. Amefunga vihisi kumi na viwili juu ya vitanda vya kunyaushia majani ya chai, kila kimoja kama kiberiti. Havina waya. Vinapima unyevu wa hewa, vinapashana habari, kisha vinaamuru feni na milango ya hewa ya moto. Nikamuuliza mimi nitaamuru nini. Akacheka kwa adabu.

Miaka ishirini na sita nafinya jani kiganjani na kutamka "tayari" au "bado". Kiwanda kizima hulisubiri neno hilo. Sasa Meneja Phukan anasema vikifaulu wiki hii, mkono wangu utapumzika. Mkono haujaomba likizo! Bhaben wa tanuri la kukaushia akauliza mbele ya watu kama mkono nao hulipwa kiinua mgongo.

Jumanne, 4 Juni

Nimelowesha gamosa yangu, kitambaa changu cha shingoni, nikakifunika kihisi cha nne. Hesabu: kitadhani hewa imelowa, kitaita hewa ya moto, majani yatakauka, nitaitwa mimi.

Nikakaa na kikombe changu, nikasubiri. Hewa ya moto haikuja. Nirmali akaeleza, bila kuulizwa, kwamba kihisi kikipingana na wenzake kumi na mmoja hakisikilizwi. Kama mimi nyumbani.

Kisha akaiona gamosa. Akataka kujua inafanya nini kule juu.

"Mgeni huvikwa gamosa, mwanangu. Au huko mjini mmeacha?"

Akavua miwani, akafuta macho. Sikulitegemea hilo. Lakini wazo limeniingia.

Jumatano, 5 Juni

Basi vivikwe vyote! Nimeazima gamosa kumi na moja, nikazipitisha bombani, nikapanda ngazi mara kumi na mbili. Akina mama wa kuchambua majani wakapiga vigelegele. Nirmali akapiga picha. Uzuri wa gamosa ni huu: ukishamvika mgeni, hakuna mwenye uso wa kuja kumvua.

Bhaben akauliza kwa nini heshima yangu inadondosha maji. Nikamjibu kwamba mvua haichagui.

Vihisi vyote kumi na viwili vikakubaliana kwamba tuko mtoni. Hewa ya moto ikafunguka. Saa nane mchana Phukan akaniita mbio. Nikafinya jani, likavunjika kama papadi ya kukaanga.

"Limekufa," nikasema. Polepole, kama daktari.

Chakula cha mchana nimekula mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Kikao. Bhaben kasimama: gamosa zilikuwa mbichi, na kitambaa hakijiloweshi chenyewe. Macho yote kwangu.

Nirmali akanitetea. "Ba'mdogo alitaka kuviheshimu tu. Hakujua kitambaa kibichi kinakidanganya kihisi."

Hapo palikuwa na njia mbili. Kusema nilijua: nafukuzwa, lakini kwa heshima ya mwenye akili. Au kuwa mjinga na kubaki. Nikawa mjinga. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, vizuri sana kwa mtu asiye na mazoezi.

Phukan akanitazama muda mrefu. "Horen, mtu anayependa mitambo hivi, mbona tunampoteza kwenye majani?"

Kuanzia kesho mimi ni mlezi wa vihisi. Kuvifuta vumbi, kupanda ngazi, kubadili betri. Jani litaamuliwa na mashine, na mashine ikisita, atafinya Bhaben. Bhaben! Mkono ule haujui tofauti ya jani na soksi.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nimepita vitandani, nikafinya jani kwa mazoea. "Tayari," nikasema. Hakuna aliyegeuka. Feni zilikuwa zimejizima dakika moja kabla yangu. Nimelifinya tena lile jani, nikitafuta kosa. Halikuwa na kosa. Nikaliweka mfukoni.

Baadaye Nirmali akanikabidhi kasha la betri na ufunguo wake. Akanionyesha kila betri inavyotoka. Wamempa nani betri zote? Mimi! Watu wamesoma, lakini hawafikiri. Nitaanza kesho na kihisi cha kwanza, taratibu, niviue vyote kumi na viwili bila tone la maji.

Akasema pia kitu kuhusu ujumbe unaoingia kwenye simu ya meneja betri ikitolewa, pamoja na jina la mlezi. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa napanga niitoe ipi kwanza.