Cheti cha Kujisifu

Mtu akilia hadharani kwamba anaibiwa, wapita njia humwonea huruma. Obiero yeye husogeza kiti.

Mchana huo alikuwa kwenye hoteli ya samaki kando ya ziwa, hapa Kisumu, akinywa chai ya rangi polepole ili isiishe kabla hajapata wa kumlipia. Suti ya kijivu, tai nyekundu, na mkoba wa ngozi ambao ndani yake mlikuwa na gazeti la juzi na kichana. Mjini walimwita Wakili. Sheria aliisomea wapi? Aliosha gari la wakili mmoja kule Milimani mpaka mzee yule akahama, na inaonekana sheria ilimwingia kwa njia ya maji ya sabuni.

Meza ya pili walikaa kijana na mkewe, na mbele yao ngege mzima wa kukaanga. Hasira ilikuwa imewanyima hamu.

"Amekopi tena!" mke alisukuma simu. "Angalia, Calvince. Muziki unasimama, mama anajisifu, muziki unaendelea. Si hiyo ni yetu?"

"Ni yetu kabisa, Rachael. Na huyu Atieno wa Nyalenda hata hana aibu."

Obiero aliwatambua. Nani Kisumu asingewatambua? Ndio hao wenye ukurasa wa Simamisha Muziki. Humkamata mtu njiani, wakampigia benga kwenye spika, wakaukata muziki ghafla, na yule mtu akajisifu mbele ya kamera mpaka mate yakamkauka. Wafuasi wao walikuwa wengi kuliko omena ziwani.

Sasa, kila aliyezaliwa karibu na ziwa hili anajua mchezo huo unaitwa pakruok. Kwenye sherehe mtu hutoa pesa, mwanamuziki ananyamaza, na mtoaji anajimwagia sifa mbele ya watu wote. Mwingine akiumia moyoni, naye anatoa yake anajibu. Mababu walifanya hivyo kabla simu haijawa hata ndoto. Kudai pakruok ni yako ni sawa na kudai wewe ndiye uliyeanzisha kupiga chafya.

Lakini Obiero hakucheka. Asubuhi ile ile mamake alikuwa amempigia simu kutoka Asembo Bay. Obiero ni kifungua mimba, ndevu zimeanza kuingia mvi, na nyumbani hana hata banda. Akienda kwao hulala jikoni kwa mamake, miguu ikielekea mafiga. Na kwa mila zao mdogo hajengi kabla ya mkubwa, kwa hiyo mdogo wake Ondiek, muuza samaki, alikuwa na mchumba aliyechoka kungoja. "Jenga," mama alisema, "ama useme umekufa, tujue la kufanya."

Basi nyumba ndiyo iliyomnyima Obiero usingizi. Vyumba viwili tu, na mabati ya bluu. Mabati yenyewe alishayachagua dukani kwa Njenga, mfanyabiashara kutoka Murang'a, na kila wiki alipita kuyapapasa.

"Wakili," Njenga humwambia, "hayo si ng'ombe. Hata ukiyapapasa hayatazaa."

Obiero akaiacha chai yake.

"Samahani kuingilia, vijana. Mnaibiwa."

"Kwani wewe ni nani?" Calvince aliuliza.

"Wakili ambaye hawezi kula akiona dhuluma." Akavuta kiti, kisha akavuta samaki. "Hii kitu mmeisajili?"

"Kusajili nini?"

"Alama ya biashara! Muziki kusimama, mtu kujisifu. Ukishaisajili ni shamba lenye hati. Anayepita ndani analipa."

Calvince alijikuna kisogo. "Lakini Wakili, pakruok si ni ya wazee wetu?"

"Wazee wenu waliisajili?"

"Hapana."

"Basi waliacha mlango wazi. Ingieni, mfunge."

Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema, la, hii ni mali ya watu, twende zetu. Rachael aliuliza bei.

Obiero alitaka pesa taslimu, kwa sababu, alieleza kwa uso wa mazishi, pesa ya simu huacha nyayo na wakubwa hawapendi nyayo. Wale wawili wakatoa akiba yote waliyokuwa wakiweka kwa ajili ya gari. Cheti kilitoka saiba moja ya Kondele, duka la kompyuta na uchapishaji: karatasi nzito, picha ya ndege tai amekunja uso, muhuri wa rangi ya dhahabu, na utepe mwekundu. Rachael alikipokea kwa mikono miwili. Calvince alinunua fremu.

Kesho yake wakatangaza mtandaoni, wamevaa kama watu wa harusi: kuanzia leo, yeyote atakayesimamisha muziki na kujisifu mbele ya kamera awalipe, la sivyo video yake itaangushwa. Wakamtaja Atieno kwa jina.

Jamani! Kisumu ililipuka. Ajuza mmoja kutoka Bondo, hana hata jino, alisimama mbele ya simu ya mjukuu wake: "Mimi nyar Sakwa, binti wa Sakwa, nilizaa kumi nikazika waume wawili. Haya, njooni mnidai!" Mwalimu alijisifu mbele ya darasa. Mlevi alijisifu mbele ya mbwa. Hata Njenga alipanda juu ya mifuko ya saruji akatangaza kwa lafudhi ya kwao: "Mimi Njenga, baba ya misumari, mtu ya Murang'a iliyooa kwa Wajaluo! Nalipa wapi?" Ukurasa wa Simamisha Muziki ukakimbiwa. Kila Rachael alipofungua simu alikuta matusi mapya, mengine ya shangazi zake.

Na Obiero? Alifurahi mno. Pesa ya vyumba viwili alikuwa nayo, mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Angeenda kwa Njenga siku hiyo hiyo akalipa, hadithi ingeishia hapo. Lakini tamaa haina breki. Alipoona ghadhabu ya watu akaona wateja, na ile nyumba kichwani mwake ikaanza kuota vyumba vinne, baraza, na choo cha ndani.

Akashika njia ya Nyalenda.

Atieno alikuwa pale kwenye mfereji wa maji, mahali ambapo wanawake hupanga mitungi kwa foleni. Hapo ndipo alipopigia video zake. Wanawake wamesimama, maji yanachuruzika, spika inaimba, halafu kimya, na mmoja wao anajisifu. Video hizo ndizo zilizomlipia kodi na kumlisha. Tangu lile tangazo alikuwa akiziangalia kila saa kuona kama bado zipo.

"Dada, mimi wakili, pole sana," Obiero alianza. "Wale watu wamekuonea. Lakini kuna cheti cha kupinga. Nikikuandikia, hata jaji hakugusi."

Atieno alimtazama toka tai mpaka viatu. "Cheti cha kupinga cheti?"

"Sheria ina mambo."

"Asante sana, Wakili. Na wewe ni wa wapi?"

"Asembo Bay."

"Ala! Watu wa samaki. Umejenga huko?"

Swali dogo tu, la salamu. Obiero akakohoa, akarekebisha tai, akaangalia mitungi. "Naendelea. Pesa ninayo," alisema, akipapasa koti upande wa moyo.

Atieno akatupia jicho foleni. Mama mmoja kwenye foleni, ambaye hununua samaki Asembo Bay, alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, mabega yanamtetemeka.

"Sina pesa sasa," Atieno alisema kwa upole. "Lakini Jumapili mchana tunakutana Dunga, sisi wote tunaopinga. Kutakuwa na bendi na pakruok, na beseni la mchango. Kuja, Wakili. Beseni likijaa, tutaongea."

Obiero aliondoka akihesabu madirisha.

Jumapili ufuo wa Dunga ulifurika watu. Wengine walitoka kanisani na Biblia zao kwapani. Bendi ilikuwa chini ya hema, beseni jekundu katikati, Atieno ameshika maiki, na simu imewekwa kwenye kigoda ikirusha yote laivu. Calvince na Rachael nao walikuwepo, wamejibana nyuma na fremu yao, wamekuja kuwadai watu malipo. Walipoona umati, walionelea wasubiri kidogo.

Obiero alipewa kiti cha mbele kabisa, akaona hiyo ni heshima.

Njenga alifungua mchezo. Akaja ajuza wa Bondo, akaleta kicheko mpaka watu wakashika mbavu. Ndipo akasimama mwanamume mrefu aliyevaa shati la maua, akadondosha noti katika beseni. Gitaa likanyamaza.

"Mimi Ondiek wa Asembo Bay! Wa pili kuzaliwa, wa kwanza kujenga! Mabati yangu yanang'aa mpaka ndege wanapotea njia. Na kama nina kaka mkubwa, mwambieni nimemwekea mkeka sebuleni!"

Umati ukapiga yowe. Mdogo amemruka mkubwa! Obiero alihisi masikio yanachemka. Akili ikamwambia, kaa chini, hiyo ni pakruok tu, beseni linakungoja. Lakini kuna maumivu ambayo akili haiyawezi. Akaingiza mkono upande wa moyo, akatoa noti, akaitupa.

"Simamisha muziki! Mimi Obiero, wakili wa mawakili! Mdogo wangu anauza samaki, mimi nauza maneno, na maneno hayaozi!"

Watu wakashangilia. Utamu ulioje! Lakini Ondiek alishatoa noti nyingine. "Maneno hayaozi, ni kweli. Ila mvua ikinyesha yanavuja!"

"Simamisha! Mimi mwenye suti, mwenye tai, niliyekula na wakubwa!"

"Simamisha! Ukila na wakubwa mjini, nyumbani unalala na kuku wa mama!"

Ikawa kidonda juu ya kidonda. Kila noti moja ya Ondiek ilimtoa Obiero mbili, kisha nne, na bendi iliyajua mambo, ilipiga vipande vifupi tu. Vyumba vinne vikawa vitatu. Baraza likaenda. Choo cha ndani kikaenda. Jasho likamtiririka mpaka kwenye tai.

"Kaka," Ondiek alisema, taratibu sasa, "taja kitu kimoja tu ulichowahi kujenga. Kimoja!"

Maelfu walikuwa wakitazama kwenye ile simu. Obiero alitoa kilichobaki, akakirusha chote.

"Nimejenga wajinga!" alinguruma. "Mnamwona Calvince? Mnamwona Rachael? Mimi ndiye niliyewauzia upepo kwenye fremu! Kile cheti nilichapisha Kondele, utepe nimeufungua kwenye sanduku la keki! Kisumu nzima inagombana kwa sababu ya saiba na keki! Nani hapa amewahi kufanya kubwa kama hilo? Nani?"

Obiero alibaki amenyoosha mkono hewani, na polepole, jamani, polepole, akasikia alichosema.

Halafu wakamshangilia kuliko wote. Walimbeba juu, suti ikapasuka kwapa. Rachael alipasua umati akiwa na fremu kichwani. "Hiyo pesa ni yetu! Hiyo ya kwenye beseni ni yetu!"

Atieno alisogeza maiki. "Pesa ya pakruok hairudi, dada. Ndiyo desturi. Ama mmeisajili pia?"

Usiku haujaingia, lile tangazo lilikuwa limefutwa. Calvince na Rachael wakatoa video ya kuomba msamaha, hawajajipamba, wanalia. Kuna aliyewauliza kwenye maoni kama kulia huko wamepata kibali cha waliotangulia kulia.

Obiero aliponyoka kupitia matete, akafika Asembo Bay kesho yake, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Njia nzima alijiandaa kuiona nyumba ya mdogo wake. Alipoingia bomani akatafuta kwa macho. Upande wa kulia, majani. Upande wa kushoto, majani, na mbuzi wa mama amefungwa kwenye kigingi.

"Iko wapi?" aliuliza.

Ondiek alikuwa ameketi kwenye jiwe, anapara samaki. "Nini?"

"Nyumba! Mabati yanayopoteza ndege!"

"Omera, hiyo ilikuwa pakruok. Nani huapa kwenye pakruok? Nitajengaje na wewe hujajenga? Mimi ni mtu wa mila." Akapindua samaki. "Miaka yote umeniambia bado kidogo, bado kidogo. Yule Atieno, aliyenipata kupitia mama anayenunua samaki kwangu, aliniambia una pesa ya nyumba kifuani na bado unazunguka kuuza hewa. Nikasema, basi tuone kama itatoka."

Mtu aliyewahi kumuuzia kipofu miwani akakaa chini kwenye majani.

"Atieno ni mtu mzuri," Ondiek aliendelea. "Kodi yake amelipa, bendi amelipa, na nusu ya beseni amenipa mimi. Jana jioni nilipitia kwa Njenga. Mabati yangu yamelipiwa yote, ya bluu. Alisema kuna mteja wake aliyapenda sana."

Mama alichungulia kutoka jikoni, akaona suti iliyopasuka, akarudi ndani. Wakamsikia akiburuta mkeka kuusogeza karibu na mafiga.

Ondiek alifuta visu vyake, akasimama, akamwinamia kaka yake kwa adabu yote ambayo mdogo anampa mkubwa.

"Kila kitu kiko tayari, Wakili," alisema. "Nakungoja wewe tu."