Kapteni wa Siku Ishirini kwa Mwaka

Jumatatu, 3 Aprili

Wiki ya sita bila Merrin. Chakula cha jioni: maharage ya kopo juu ya mkate. Mvua. Nyumba inanuka mbwa, na mbwa mwenyewe yuko Ballarat na mke wangu, kwa dada yake Beryl.

Merrin amepiga simu. Atakuja Siku ya Anzac, ya kuwakumbuka askari, tarehe ishirini na tano, kumsukuma baba yake kwenye kiti cha magurudumu katika maandamano. Baada ya hapo ataniambia kama anarudi nyumbani au tunaiuza nyumba. Nikamuuliza kosa langu hasa ni lipi. Akasema ameishi miaka ishirini na sita na mtu ambaye kila mwaka anakaribia kuwa kitu kingine. Anazungumzia wale alpaka wa sufu niliotaka kufuga, bila shaka. Na lile shamba la mizeituni.

Kliniki nako mateso. Mwenzangu Dk. Tamsin Okell amerudi kutoka mazoezi ya jeshi la akiba kule kaskazini. Wiki mbili! Wagonjwa wake wote nimewatibu mimi, pamoja na Bi. Pascall na ukucha wake. Yeye karudi na rangi ya jua na cheo cha meja. Wagonjwa wanakaa wima akipita. Nikipita mimi, hawainui hata macho kutoka kwenye gazeti.

Nimepata wazo.

Jumatano, 5 Aprili

Nimekisoma mara nne kipeperushi cha jeshi kwa madaktari wa kiraia. Unaweza kwenda kambini kila Jumanne jioni na wikendi moja kwa mwezi. Hapana, Jumanne ndiyo siku ya kutoa mapipa ya taka. Unaweza kujiandikisha uitwe tu yakitokea mafuriko au vita. Hapana, wanaweza kuniita. Njia iliyobaki ni safi kabisa: siku ishirini kwa mwaka, udaktari uleule, na kwa miaka yangu ya kazi naingia moja kwa moja nikiwa kapteni. Bila kutambaa matopeni! Kapteni Leighton Purvis. Nimelisema bafuni kwa sauti. Lina mwangwi mzuri.

Merrin ni binti wa askari aliyepigana Vietnam. Tangu utotoni, kila Aprili, anampigia baba yake pasi koti la maandamano. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kumwacha kapteni.

Jumanne, 11 Aprili

Fomu inataka daktari aliyemo jeshini anidhamini. Hapa mjini Ararat yuko mmoja tu, Tamsin. Nimempelekea bani za Pasaka zilizobaki, vile vimkate vitamu. Tamsin akasoma fomu, akala bani mbili, akauliza nini kinanisukuma. Nikasema nchi. Akaniambia nijaribu tena. Nikasema Merrin. Akaiweka fomu mezani.

"Leighton, kule tunashona vidonda vya watu wa miaka kumi na tisa," akasema. "Wanataka daktari anayesikiliza. Nenda kamsikilize mkeo kwanza."

Wivu mtupu. Anaogopa kuwa na ofisa mwingine jengoni. Nikamwambia basi akisafiri tena sitamtibu Bi. Pascall wake. Akatia saini.

Nimemwambia Glenys wa mapokezi, kwa siri. Nikitaka mji mzima ujue jambo, humwambia Glenys kwa siri. Kufikia saa saba mchana mwoka mikate kanipigia saluti.

Ijumaa, 14 Aprili

Fomu ya afya, kurasa kumi na nane. Niliwahi kuumia goti? Hapana. Shinikizo la damu? La kawaida. Mwishoni kulikuwa na karatasi ya ruhusa. Nikasaini bila kusoma. Ndivyo ninavyosaini kila kitu.

Mazoezi: pushapu sita sebuleni. Ya saba ikanishinda. Nikabaki sakafuni nikitazama uvungu wa sofa. Kuna soksi ya Merrin kule, ya bluu. Sikuitoa. Nililala pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji kupumzika.

Alhamisi, 20 Aprili

Melbourne, treni ya asubuhi. Daktari wa jeshi alikuwa mwanamke wa umri wa binti ambaye mimi na Merrin hatukujaliwa kumpata. Akanipima shinikizo mara tatu, kila mara uso ukizidi kuwa mpole. Kisha akafungua faili nene. Nikalitambua jalada. La kliniki yangu mwenyewe!

Ile ruhusa niliyosaini ilikuwa ya kuomba rekodi zangu. Glenys, ambaye kuagiza karatasi za chooni humchukua miezi minne, alizituma ndani ya saa moja. Dawa za shinikizo tangu miaka saba iliyopita. Goti, operesheni mbili. Na barua niliyomwandikia daktari wa upasuaji mimi mwenyewe, nikimhimiza anipasue haraka kwa sababu maumivu "hayavumiliki na hayatapona kamwe".

Hakunifokea. Aliniambia nipunguze chumvi, nitembee nusu saa kila siku, nirudi baada ya mwaka tuone. Hayo ni maneno yangu. Nimewaambia watu wa Ararat maneno hayohayo kwa miaka ishirini. Sikujua yanauma kiasi hiki.

Treni ya kurudi nilipata kiti kinachotazama nyuma. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 24 Aprili

Balaa. Klabu ya askari wastaafu imenipanga kesho niandamane bega kwa bega na Tamsin. Glenys ameniokea biskuti za Anzac. Merrin ametuma ujumbe: amesikia habari za jeshi, tutazungumza kesho. Ameweka nukta mwishoni. Nukta nzuri au mbaya? Nimeamua ni nzuri.

Siwezi kwenda kifua kitupu. Ninazo medali tatu za babu yangu. Aliyezipata mwenyewe huvaa kushoto, jamaa zake huvaa kulia. Kila mtoto wa mji huu anajua. Lakini nikivaa kulia nitakuwa mjukuu wa mtu tu, na Merrin hakuja kumwona mjukuu. Kesho mvua, kila mtu atakuwa chini ya mwavuli. Nitavaa kushoto. Ni tofauti ya sentimita ishirini. Huo si uongo.

Jumanne, 25 Aprili

Mvua haikunyesha. Jua kali, medali zikang'aa hadi ng'ambo ya barabara.

Merrin alifika akimsukuma baba yake, Mzee Clem. Amekata nywele. Kavaa kijitawi cha rosmarini kifuani, cha ukumbusho. Nilitaka kumwambia amependeza, nikajikuta nimepiga saluti. Mzee Clem hasemi sana tangu apate kiharusi. Alinitazama kifua, akaniita kwa kidole. Nikainama, nikidhani nitapongezwa.

Akaanza kunifungua pini. Vidole vyake ni vizito. Medali tatu, kila moja na pini yake. Maandamano yote yakasubiri. Bendi ikapiga wimbo uleule mara ya pili, halafu ya tatu. Tamsin akatazama mawingu, ambayo hayakuwepo. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Mzee akanibandika moja baada ya nyingine upande wa kulia, kisha akanigonga kifuani kwa kiganja.

"Hizi zilimtoa babu yako jasho," akasema. "Wewe mbebee tu. Inatosha."

Baadaye, nyuma ya klabu, nilimwambia Merrin kila kitu. Jeshi limenikataa. Goti. Faili. Nilingoja anifokee. Alinisafisha bega, kulikuwa na makombo ya biskuti.

"Leighton, sikuwahi kutaka kapteni," akasema. "Jumanne ijayo saa sita mchana njoo kwa Beryl tule, tuzungumze. Njoo mikono mitupu, bila mpango wowote. Usipokuja nitampigia dalali wa nyumba, maana nitakuwa nimejua jibu."

Nimelia garini. Sikulia hivyo hata mama alipofariki. Nimeizungushia Jumanne wino mwekundu kwenye kalenda.

Ijumaa, 28 Aprili

Habari kubwa! Jeshi la wanamaji nalo huchukua madaktari wa kiraia kwa siku chache kwa mwaka. Melini nani anakimbia? Goti si hoja. Kuna mkutano wa madaktari wanaotaka kujiunga, Melbourne, Jumanne saa sita mchana. Baada ya hapo hakuna mwingine hadi Oktoba. Na sare ni nyeupe.

Nimemwandikia Merrin kwamba jambo zito limetokea, tule Jumanne nyingine, nitakuwa na habari ya kumfurahisha. Amejibu papo hapo: "Sawa, Leighton. Usijali." Hakuna hata swali moja. Hana kinyongo kabisa, na mimi nilikuwa nimeogopa bure.

Jioni kapiga simu bwana mmoja wa Ballarat, anataka kuja kupima vyumba. Kasema katumwa na Merrin. Nadhani anafikiria zulia jipya. Nimemwambia aje Jumanne, ufunguo uko chini ya chungu cha maua, mimi nitakuwa Melbourne nikijaribu kofia.