Daktari wa Maumivu ya Wanawake

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa wote, kila mwenye meza alikuwa na duka, na Luhaga, fundi viatu aliyeshindwa pale Kirumba, alikuwa daktari. Koti jeupe la mitumba lilimtosha kuwa cheti. Aliwasikia wauza dagaa wa soko la Mwaloni wakinong'onezana kuhusu maumivu ya ukeni yasiyoisha, akapiga hesabu zake: ugonjwa unaoonewa haya hauna mteja wa kurudi kulalamika. Akachanganya mafuta ya mgando na dawa ya kuchua yenye pilipili, akauita mchanganyiko huo Faraja ya Johanesibagi.

Kashindye, mmoja wa wauza dagaa hao, alinunua. Kwa miaka alikuwa akiungua hata kwa kuvaa chupi tu. Mumewe alimshuku umalaya, shangazi akataja wachawi.

"Ni uchafu wa damu," Luhaga alimwambia kwa sauti ya msibani. "Paka asubuhi na jioni."

Miezi ikapita, Kashindye akarudi, akasimama mlangoni akitabasamu.

"Daktari, wanawake wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, wanakusubiri. Njoo na dawa yote."

Tamaa ikampandisha kwenye kivuko. Ng'ambo walimpokea kwa vigelegele, kisha mama mmoja mwenye mabega ya kubeba mitumbwi, Atieno, akamkabidhi kopo moja la dawa aliyokuja nayo.

"Huku kwetu mganga ndiye anaanza. Nenda nyuma ya banda na mzee Ogweno, atashuhudia. Paka palepale tunapopaka sisi, au jirani yake."

"Mimi siumwi, mama."

"Basi haitakudhuru."

Alitazama kushoto na kulia, kote wanawake. Akaenda. Punde daktari akatoka mbio, akawapita wagonjwa wake bila kuaga, akajitosa ziwani mpaka kiunoni.

Kashindye akamfuata ukingoni. "Maumivu yakoje?"

"Yanachoma."

"Kama nini?"

Luhaga akazama mpaka kifuani.

"Dawa yako iliponichoma nilikwenda hospitali," Kashindye alisema. "Daktari mwanamke aliniuliza hivyohivyo, akasubiri nijibu. Akagusa taratibu kwa pamba, akitafuta panapouma. Akasema si uchafu, si uchawi, wala si umalaya. Neva zinapiga kelele bila sababu na misuli imekaza. Akaniachisha sabuni na kila cha kupaka, niwe naosha kwa maji matupu. Akanipa vidonge vya kutuliza neva, na mazoezi ya kulegeza misuli. Sijapona kabisa, ila Jumapili nilikaa kanisani ibada nzima."

"Na haya yangu?"

"Yatapoa jioni. Una bahati."

Ufukweni, Atieno alishafungua sanduku la Luhaga, akiwauzia wavuvi dawa ileile kama ya kuchua migongo. Luhaga aliitazama ikiisha, asithubutu kutoka majini.