Sura ya Tatu, Ambamo Kapteni Orla Analiwa

Jumatatu, 4 Machi 2019

Daktari amesema moyo wangu umechoka, nipange mambo yangu. Sawa. Nimeamua kuandika ukweli wote humu, nife na dhamiri safi. Nilikuwa nimeanza vizuri. Kisha akaja Clive Mottram.

Clive ni mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa Minara ya Vesk. Ni tamthilia ya televisheni niliyoiandika mwaka 1966. Viumbe wa anga za mbali, Vesk, wanaivamia dunia, Profesa Hallam anawazuia. Kituo cha televisheni kiliifuta yote na kurekodi mbio za mbwa juu ya kanda zile zile. Ndivyo walivyofanya siku hizo. Kilichobaki ni kitabu nilichoandika miaka minane baadaye kutokana na tamthilia hiyo. Kwa hiyo wanaoipenda Minara ya Vesk wanapenda kitabu. Hawana kingine. Nimeishi kwa raha sana katika hali hiyo.

Leo Clive kaingia chumbani anatetemeka. Nikadhani amefiwa. Kumbe sehemu ya mwisho imepatikana, nakala ya filamu, kwenye dari la kanisa, chini ya mapambo ya Krismasi. Clive mwenyewe hajaitazama bado; itaonyeshwa Jumamosi kwenye ukumbi wa makao haya ya wazee, kwa kuwa siwezi tena kusafiri. Papo hapo chama kitatangaza tuzo yake mpya ya kila mwaka. Itaitwa Tuzo ya Pinkney. Jina langu, hadi mwisho wa dunia. Clive alitokwa machozi. Mimi pia, kwa sababu nyingine.

Maana kitabu na tamthilia si kitu kimoja. Kitabuni Vesk ni elfu kumi na bahari inachemka. Kwenye televisheni walikuwa wanaume wanne waliofungwa mazulia ya bafuni, na bahari ilikuwa beseni. Hilo watanisamehe. Lakini kitabuni Kapteni Orla analiwa na Vesk sura ya tatu, pamoja na buti zake. Kwenye televisheni anaishi hadi mwisho na kuiokoa dunia. Yale maneno ambayo watu wamejichora tatuu mikononi, “Ichukueni dunia basi, ila mjue ni nzito, na sisi tumeshaizoea,” kitabuni anayasema Profesa. Hewani aliyasema Orla. Wala sikuyaandika mimi. Aliyatunga mwigizaji wake, Thelma Garside, palepale mbele ya kamera.

Filamu hiyo isionyeshwe.

Jumanne, 5 Machi

Mpango mzuri, rahisi, wa kisayansi. Nimemweleza Bi. Ramsden, anayeendesha makao haya, kwamba filamu za kale hulipuka. Nikataja sinema moja iliyoteketea na watu wake. Bi. Ramsden akaweka mkono kifuani. Aliwaita watu wa zimamoto kabla sijamaliza biskuti.

Clive aliitwa pia. Akatoa mfukoni kidude kidogo kama kidole, akaeleza kwamba filamu yenyewe imebaki kwenye hifadhi na yeye ana nakala ya kompyuta tu. Hakuna cha kulipuka. Watu wa zimamoto wakaona aibu kurudi mikono mitupu, wakakagua vyumba. Cha kwangu kilikuwa cha kwanza. Wameondoka na birika langu la umeme, blanketi langu la umeme, na kikaango ambacho hakikupaswa kujulikana.

Sasa nakunywa chai ya jikoni. Ina rangi ya maji ya beseni la Vesk.

Jumatano, 6 Machi

Thelma amekuja. Sikumwalika, ni Clive. Anakaa Grimsby, mjane, anatembea bila fimbo. Hilo la fimbo lilinikera hata kabla hajakaa.

Niliona nafasi. Nikamwambia kwa upole kwamba filamu imechakaa, kwamba wigi lake linatisha, kwamba kama rafiki ningependa tumkumbuke alivyokuwa. Akakoroga chai. Akasema, “Hakuna anayenikumbuka nilivyokuwa, Aubrey, maana uliniua.” Alikisoma kitabu dukani, amesimama, mwaka kilipotoka. Alipofika anapoliwa akakirudisha rafuni na kwenda kununua viazi.

Nikasema ulikuwa uamuzi wa kisanaa.

“Kisanaa?” akasema. “Ulinitaka twende kula hoteli, nikaenda kula samaki na chipsi na Ron wa kamera. Miaka minane baadaye nikaliwa na zulia.”

Nakiri humu, mbele ya kifo, kwamba ni kweli. Kinyongo changu wakati ule kilikuwa na umri wa miaka minane na afya njema kuliko niliyo nayo leo. Lakini nataka ieleweke kwamba hoteli ile ilikuwa na kinanda.

Akaniambia jambo jingine akiwa mlangoni. Kabla ya huu, hajaalikwa mkutano hata mmoja wa chama. Wangemwalika kwa kazi gani, marehemu wa sura ya tatu? Aliwahi kwenda mwenyewe, akalipa kiingilio, akapanga foleni. Kijana wa mlangoni akamuuliza kama amemleta mjukuu wake.

Nimelifikiria hilo muda mrefu. Kisha nikafikiria Jumamosi.

Alhamisi, 7 Machi

Nitazimia. Ndiyo dawa. Orla akikaribia tu kusema, nitaanguka kutoka kitini na kugumia. Hakuna mtu wa adabu atakayeendelea kutazama televisheni mbele ya mwandishi anayekata roho. Wataizima, wataniinua, tuzo itatangazwa kando ya kitanda.

Nimefanya mazoezi kwenye zulia la chumbani. Mara ya kwanza nilianguka kama gunia. Mara ya pili kulikuwa na heshima ndani yake. Mara ya tatu Bi. Ramsden alifungua mlango.

Nilimwambia ni mazoezi ya viungo. Akasema, “Mpenzi, watu wa umri wako hawafanyi mazoezi ya kuanguka.” Ameagiza nikae kwenye kiti cha magurudumu, na mkanda. Kifungo chake kiko nyuma, mahali ambapo mkono wangu haufiki.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejaribu mkanda siku nzima. Haufunguki.

Nimempigia Clive na kumweleza kwamba kitabu ndicho Minara ya Vesk halisi, ndivyo nilivyoiwaza tangu mwanzo, na tamthilia ni rasimu tu iliyoharibiwa na waongozaji na ufukara. Clive akasema hiyo ni nadharia nzuri sana, niiseme kesho mbele ya watu. Nikaandika hotuba. Nimeisoma tena baada ya chakula. Hata mimi sikuiamini, na nimeshawahi kuwaamini Vesk.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi ulijaa. Wengine walivaa kama Vesk, wale wa kitabuni. Thelma mbele, mimi kando yake, nimefungwa kama mzigo wa posta.

Vesk wakatokea, wanne, mmoja soksi zake zinachungulia chini ya zulia. Nilitaka kuzama. Lakini watu walicheka kwa furaha ya namna ambayo kitabu changu hakijawahi kuwapa. Clive alikuwa anajipiga paja. Miaka arobaini na kitu anawaza jeshi la elfu kumi, akaletewa soksi, na akafurahi.

Kisha mnara wa mwisho. Hapa lazima nieleze. Studio zile zilizimwa taa saa nne usiku, liwe liwalo. Hakukuwa na kurekodi upya. Na zikiwa zimebaki dakika chache, ukuta wa mbao wa mnara ule ulianza kumwangukia mwigizaji wa Profesa Hallam, naye, kwa vile alikuwa mtu wa kujipenda, akakimbia. Hotuba yangu ya kurasa mbili ikakimbia naye.

Nikaanza kugumia. Bi. Ramsden akanitia peremende mdomoni.

Thelma, kwenye skrini, akaingia chini ya ukuta ule. Akauzuia kwa mgongo. Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau. Mabega yanamtetemeka, wigi limekaa upande, na Vesk wa soksi anamkodolea macho hajui afanye nini. Akawaambia: ichukueni dunia basi. Ila mjue ni nzito. Na hakuwa anaigiza hata kidogo. Kitabuni niliyafanya maneno hayo kuwa falsafa. Kumbe yalihusu mbao.

Mwanamke mmoja akajishika mkono, pale alipochora tatuu yake. Macho yangu yalilowa. Ni peremende, ilikuwa kali.

Filamu ilipokwisha, mtu akauliza mbona nilimuua Orla kitabuni. Nikafungua mdomo niseme habari za sanaa. Thelma akanitangulia: “Nilimkatalia chakula cha jioni.” Kicheko. Kisha wakanitazama, waone kama ni mzaha, na kicheko kikafa taratibu, kuanzia viti vya mbele kwenda nyuma.

Clive akasimama, karatasi mkononi. Akaitazama. Akaikunja. Akatangaza Tuzo ya Garside.

Ukumbi mzima ulisimama isipokuwa mimi, kwa sababu ya mkanda. Thelma akaniinamia na kunipiga bega. Akasema, “Usinune, Aubrey. Kifo changu ulikiandika vizuri. Nilikaribia kukinunua kitabu.”

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi njema. Moyo unapiga vizuri.

Clive amekuja tena. Hakunitazama usoni, lakini ana habari. Mchapishaji anataka toleo jipya la kitabu, lililosahihishwa, lifuate filamu. Orla asife. Maneno yake arudishiwe. Akasema ni nafasi yangu ya kurekebisha mambo nikiwa bado hai. Nilimshika mkono. Nikamwambia hakuna ninachotaka zaidi ya haki. Alipoondoka tulikuwa wote wawili tumeguswa.

Nimeanza mara moja. Orla haliwi. Anaubeba mnara kwa mgongo, anayasema maneno yote, neno kwa neno, kama alivyoyasema. Thelma hatakuwa na la kulalamikia.

Ila nimeongeza mtu mmoja mdogo tu. Ni mshairi katika chombo cha anga cha Orla, kijana mrefu, macho ya bluu, mabega mapana, anaitwa Aubrion. Jioni ya kabla ya vita wanakula pamoja, yeye na Orla, mahali penye kinanda. Na kwa kuwa Orla anaogopa, na hajui atawaambia nini Vesk kesho, Aubrion anamwandikia.