Binzari ya Ngoma ya Kwihara

Jumatatu, 17 Juni 1974

Alhamdulillahi, nyumba imetulia. Imetulia mno. Mke wangu Nunu bado yuko kwa mama yake Kwihara, tangu nyuki wa mradi wangu wa asali walipohamia kwenye sanduku lake la nguo. Nashukuru hawakumuuma sana. Walimmalizia hasira mama mkwe, Bi Zeyana, aliyekuwa mgeni wetu.

Leo kaja Koleta, kiongozi wa ngoma ya akina mama wa Kwihara. Wanataka nguo za manjano za Saba Saba. Duka la ushirika lina vitambaa vya merikani nyeupe tu. Twalibu, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, amekubali kushona, ila rangi hana. Nikasema ninayo. Sina.

Koleta akaniambia Nunu naye yumo kwenye kikundi, na ametuma neno: nikiimaliza kazi hii bila balaa, atarudi. Likitokea balaa, nisijisumbue kumfuata. Namshukuru mke wangu. Wengine hawapewi hata sharti.

Jumatano, 19 Juni

Nimeipata! Binzari. Mwezi jana afisa wa viwanda vidogo alitueleza mkutanoni kwamba viwanda vya nje huitoa rangi kwenye mizizi ya binzari kwa spiriti, huikausha iwe unga, kisha huitia kwenye siagi, biskuti na hata dawa. Siagi ya Wazungu ina rangi ya mchuzi wetu! Akaanza kueleza habari za sabuni, lakini nilikuwa nimeshatoka kutafuta pipa.

Gunia la binzari nililoagiza siku ile limefika leo kwa treni kutoka Kigoma. Lilishushwa Kaliua kimakosa, nusura liende Mpanda. Mungu ambariki mpagazi aliyelirudisha. Nimeandika ubao: KIWANDA CHA RANGI CHA KUJITEGEMEA. Twalibu kauliza wafanyakazi wako wapi. Nimempuuza. Wivu ni maradhi.

Ijumaa, 21 Juni

Mizizi migumu kama kokoto. Spiriti sina. Nimechemsha tangu asubuhi, maji yamepauka tu. Nikajiuliza, maharage yakigoma, mama zetu hufanyaje? Hutia magadi. Nikatia. Nikaona kidogo, nikaongeza bakuli zima.

Pipa likawa jekundu. Jekundu la damu! Na merikani yote ya akina mama ilikuwa imo. Twalibu alichungulia uani akauliza nimechinja ng'ombe wa nani. Nilikaa chini nikalia, sioni haya kuandika. Nilimwona Nunu akizeekea Kwihara.

Jioni nikajilazimisha kula samaki, migebuka. Nikakamua ndimu, tone likarukia kipande cha ile merikani nyekundu. Palipoangukia pakawa manjano! Manjano safi! Nimenunua ndimu zote za Mama Siwema pale sokoni. Kaniuliza nina harusi. Nikamjibu, inshallah, ileile ya zamani.

Alhamisi, 4 Julai

Twalibu amemaliza kushona. Nguo zinang'aa. Koleta kazichukua, kasifu. Kasema zinanukia mchuzi, lakini kwa kusifu. Nimemshukuru Twalibu kwa moyo mweupe, nikamwahidi cheo cha meneja. Kasema atafikiri. Hakuonekana kufikiri.

Jumamosi, 6 Julai

Balaa. Koleta kaagiza nguo zote zifuliwe kwanza, kwa kuwa nguo iliyotoka kwenye pipa la mwanamume haivaliwi hivihivi. Wakafua kwa sabuni ya mche, kumbe sabuni na magadi ni ndugu. Kisimani povu likageuka jekundu, akina mama wakatupa nguo wakakimbia. Kuna aliyesema ni mizimu ya misafara ya zamani ya watumwa.

Nimekimbilia Kwihara kwa baiskeli na kikapu cha ndimu. Nimekaa uani kwa mama mkwe, mimi mwanamume mzima, miguu ndani ya beseni, nikikanyaga nguo kwenye maji ya ndimu. Bi Zeyana kapita. Nikamwamkia shikamoo bila kuinua uso. Kaitikia: marahaba, beseni.

Nilijua yamekwisha. Nikasikia mtu kachutama kando yangu, anakata ndimu. Nunu. Nikamweleza yote, magadi, pipa, gunia la Kaliua. Nilipofika kwenye ng'ombe wa Twalibu, akacheka mpaka akaketi kwenye tope. Akasema wanawake wenzake wana waume wenye siri miaka na miaka, yeye wake anaumbuliwa na kipande cha sabuni. Kisha akaendelea kukamua, na mikono yetu yote ikawa ya manjano. Sijawahi kuwa na furaha namna ile ndani ya beseni.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Wamecheza, wamependeza, wamepigiwa vigelegele. Nunu mstari wa mbele. Nimemshukuru Mungu, Koleta, Mama Siwema, hata Twalibu. Mvua haikunyesha. Wala hakuna aliyeleta sabuni.

Jumanne, 9 Julai

Nunu amerudi na sanduku lake! Bi Zeyana kaniapisha mbele ya mashahidi: sitaanzisha mradi chumbani tena maishani. Nimeapa kwa moyo wote. Nina mke, nina nyumba, nimejifunza. Kijana wa jana siye wa leo.

Nunu kapakwa hina kwa ajili ya kurudi. Kafua shuka tangu asubuhi, na hina yake haikubadilika hata kidogo. Nimeitazama sana ile mikono. Rangi isiyoogopa sabuni, na mihina imejaa kila ua mjini hapa.

Kiapo kilikuwa cha chumbani. Jikoni hapakutajwa. Nunu kaenda kuwasalimu majirani, na namshukuru kwa kurudi na sufuria yake kubwa ya pilau. Nimeshailoweka hina humo. Majani yalikuwa magumu kidogo, nikatia magadi.